Marinda

Miaka yote Tunu aliposoma, kila asubuhi Mzee Kombo alitoka nje barazani na pasi ya mkaa, akapuliza majivu, kisha akapiga pasi sare ya shule ya binti yake huyo, rinda moja baada ya jingine. Leo mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye pindo Tunu alipotokea mlangoni.

"Baba! Hilo ni gauni la unesi!"

Mzee akainua pasi. Gauni jeupe la siku ya kwanza kazini, lililotakiwa kunyooka, lilikuwa na marinda kuanzia kiunoni mpaka chini.

"Mkono umezoea," alisema bila kumtazama. "Lete maji niyafute hayo marinda."

"Muda hakuna, baba."

Tunu alianza kucheka, akaacha. Alijiona tena kwenye ngazi ya baraza hiyo hiyo, amevaa shimizi, miguu haifiki chini, akisubiri sketi yake. Akalichukua gauni, akaingia ndani kulivaa. Lilikuwa na joto lile lile.

"Watakucheka huko hospitali," alisema mzee alipomwona.

"Wacheke. Nimependeza?"

Mzee alikohoa. "Nenda, utachelewa." Ndivyo alivyomwambia miaka yote.

Tunu akaenda, marinda yakifunguka na kujifunga kwa kila hatua. Alipokaribia kona alisikia akiitwa. Baba yake alikuwa amesimama katikati ya njia, pasi mkononi ikifuka moshi, majirani wakichungulia madirishani.

"Umependeza!" alipaza sauti. "Umenipa fahari, mwanangu!"