Nusu ya Koleta

"Nzima yangu, nusu yake," Koleta aliimba jikoni huku akiponda vidonge kwa jiwe la tangawizi. Kuongea peke yake ndiyo kawaida yake. Hata jirani wa ng'ambo ya korongo alijua mboga wanayokula.

Unga wa kidonge kizima aliutia kwenye kikombe chake, wa nusu kwenye kikombe cha mumewe, Asheri. Juu akamimina chai ya tangawizi ya kijijini kwao, Mamba, ambayo hufunika uchungu wowote.

Daktari wa Same ndiye aliyeanza uchokozi. Mapigo ya moyo ya wazee hawa yalikuwa yanakwenda ovyo, wakapewa dawa moja: Asheri nzima, Koleta nusu.

"Kwa nini mimi nusu?" Koleta aliwaka. "Moyo wangu wa kuazima?"

"Mama, wewe umemzidi mzee umri. Na mwili wa mwanamke mtu mzima unachelewa kuitoa dawa, inarundikana. Ukinywa nzima, moyo unaweza kusimama."

Koleta hakusikia habari za moyo kusimama. Alisikia "umemzidi umri", siri aliyoificha usharika mzima tangu harusi, ikitangazwa mbele ya wauguzi! Asheri alisikia yote, hasa lile la moyo kusimama.

Tangu siku hiyo mzee akageuka mcha Mungu. Yeye aliyekuwa akikoroma ibadani, sasa hagusi chai bila sala, tena ndefu.

"Omba wewe, mama Eliakunda. Mimi sina maneno."

Koleta hufumba macho na kuomba. Akikaribia amina, mumewe humkumbusha: "Na wakulima wa tangawizi." Kisha: "Na barabara yetu."

Siku ya kurudi kliniki, daktari aliwapima, akatabasamu. "Mapigo mazuri, wote wawili. Unaona, mama? Nusu imekutosha."

Koleta alicheka kimoyomoyo njia nzima ya kupanda mlima. Msomi mzima, na hajui mgonjwa wake anakunywa nini!

Kesho yake vile vikombe viwili vya maua, pacha, vilikuwa mezani tena. Koleta akafumba macho. Akaanza na wagonjwa, akaja kwa wajane, akafika kwa vipofu.

"Ndiyo, Bwana, wakumbuke vipofu," Asheri aliitikia, huku akibadilisha vikombe taratibu, visahani visigongane.