Mlio Kutoka Kabatini

Gitaa lilipoingia kwenye wimbo, Katoo alitabasamu. Mwenzake wa bendi alikuwa amekuja kwao Kitengela kumsikilizisha wimbo wake mpya kwa simu, na mlio ulikuwa mzito, wa kukwaruza, kama mabati yanayoburutwa juu ya lami.

"Nilirekodi Nairobi, studio kubwa," mwenzake alisema. "Hii sauti huwezi pata kwa kabati, bro."

Katoo hurekodia hapohapo sebuleni: spika ndogo ya gitaa ndani ya kabati la nguo la mama, maikrofoni ya bei rahisi mbele yake, na mashuka mekundu juu ili majirani wasilalamike. Rekodi yake nzuri kuliko zote alimpa mwenzake aisafishe sauti. Juma lililofuata aliambiwa iliharibika, ikafutwa.

Uzi mnene wa gitaa ukatetema. Nyuma yake kukasikika mlio mwingine, mdogo na mkavu, wa chuma kikigonga mbao.

Tabasamu likamtoka.

"Rudisha hapo kidogo."

Mwenzake akarudisha, bado anatikisa kichwa kwa raha. Mlio ule ukaja tena, palepale.

Mama, aliyekuwa akiwamiminia chai, akatua birika. Akafungua kabati. Kwenye msumari, kati ya mashuka, ilining'inia kengele aliyoivua shingoni mwa ng'ombe wao wa mwisho, mwaka ule wa ukame.

"Kijana wangu," akamuuliza mgeni kwa upole, "hii kengele yetu ilifika Nairobi lini?"