Mabua ya Mzee Mayige

Dastan alikuwa amepiga magoti, nusu ya mwili wake ikiwa chini ya kitanda cha watu.

"Ukikiona kiatu changu cha kushoto, nitolee," alisema Mzee Mayige kutoka mlangoni.

Dastan, afisa kilimo, akajitoa, vumbi tele kichwani. Tangu asubuhi alikuwa anatafuta mabua ya pamba. Utaratibu wa pale Shishiyu hauna mzaha: ukishavuna, unang'oa mabua na kuyachoma, wadudu wakose pa kulala. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na asiyesainiwa fomu hapati mbegu. Bila mbegu, ekari sita za mzee zingelala. 

Shamba lilikuwa tupu. Bua hata moja hakuna, na majivu hakuna.

"Nimeyachoma," mzee alirudia.

"Majivu yako wapi, baba?"

"Hayo sikuyapata."

Dastan alikwisha kupekua zizi na ghala. Jikoni alikuta pipa lililokandikwa udongo kwenye mfuniko, moto chini yake, na bomba likidondosha matone kwenye chupa ya soda. Gongo anaijua. Ila yeye ni mtu wa pamba, pombe ina wenyewe, akapita. Kornelia, mke wa mzee, alimchemshia chai kwa makaa membamba kama vidole. Akanywa vikombe viwili huku amenuna.

"Umeyaficha kwa jirani," alisema akipanda pikipiki. "Jina lako nalifuta."

Akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikanyamaza. Tangi lilikuwa kavu, na kituo cha mafuta kiko mjini.

Kornelia akatoka jikoni na chupa mbili za soda zilizojaa. "Tia mafuta haya ya pipani, ng'wanone, mwanangu. Yananuka moshi kidogo, lakini yanatembea."

Dastan akayatia, akapiga kiki tena. Pikipiki ikawaka, ikafuka moshi mweusi uliotawanya kuku. Mzee akashika usukani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanyoosha fomu.

"Saini."

"Nitasaini siku nitakayoyaona yanaungua kwa macho yangu mawili."

Mzee akainama, akalichungulia bomba la moshi, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Basi geuka nyuma, mwanangu. Yanaungua, na wewe umeyakalia."