Breki Mbele ya Nyumba ya Zulfa

Kila lilipofika mbele ya nyumba ya Zulfa, gari la Mbarouk lilifunga breki lenyewe na kupiga kelele kwa Kijapani. Fundi alieleza kwamba kamera ya mbele inadanganywa na mng'ao wa sinia ambalo Zulfa huanika barazani. Gari linadhani kuna kitu kimekatiza njia.

Mbarouk alifoka. Yeye na Zulfa, dada yake, hawasemezani tangu ugomvi wa nyumba ya marehemu baba, na sasa mashine inamsimamisha mlangoni kwake kila asubuhi! Na mtu akishasimama mlangoni kwa mwenzake, hata awe na kinyongo cha namna gani, ataondokaje bila salamu? Mwanzoni alisalimia huku amenuna. Baadaye Zulfa akamuuliza hali ya magoti. Jana alimpitishia vitumbua dirishani.

"Nimeizima hiyo breki," fundi alimwambia leo. "Sasa utapita kama mfalme."

Akapita kweli. Gari halikuguna. Kwenye kioo cha pembeni akamwona Zulfa amesimama barazani, ameshika sahani iliyofunikwa kawa, amelitolea macho gari linaloyoyoma.

Mbarouk akakanyaga breki mpaka vumbi likatimka, akarudi kinyumenyume.

"Limeharibika tena?" Zulfa aliuliza, akijikaza asicheke.

"Safari hii vibaya sana, dada. Leo halitoki hapa."

Akachomoa ufunguo, akauweka kwenye sinia lililokuwa likimeta juani, akavua viatu.