Msamaha wa Chomo

Kaeni niwape hii, na anayebisha akatunge yake.

Nungunungu mdogo, Chomo, alikuwa na rafiki mmoja tu, mtoto wa Pimbi. Kila wakicheza, Chomo alikasirika, akarudi kinyumenyume na kumchoma miiba. Mama yake Chomo ndiye aliyetimua mbio kwa jirani kumwombea msamaha. "Mama Pimbi, msamehe. Ni mtoto, akikua ataacha." Chomo huyo kabaki nyumbani anatafuna muhogo, roho kwatu.

Siku moja Mama Pimbi akaja mwenyewe. "Shoga, mwanangu haji tena kwenu. Samahani naletewa na wewe, miiba tunachomwa na mwanao."

Mama Nungunungu akapandwa na hasira, akarudi kinyumenyume, chwaa! Miiba mitatu ikamkaa Mama Pimbi begani. Halafu akasimama pale, kajivuna kama bibi harusi.

Chomo akatoka ndani, mdomo umejaa muhogo. "Mama Pimbi, msamehe. Ni mama, akikua ataacha."

Mama Pimbi, na maumivu yake yote, akaangua kicheko. Mama Nungunungu akatazama chini. Akasogea, akaichomoa miiba mmoja mmoja. "Nimekuumiza, shoga. Nisamehe mimi."

Chomo akaacha kutafuna. Akaenda kwa rafiki yake kwa miguu yake, akasema vivyo hivyo kwa mdomo wake.

Kesho yake mtoto wa Pimbi akaja kucheza. Ila alikaa mbele ya Chomo, si nyuma. Kasamehe, lakini si mjinga.