Vyombo vya Nyanya

Kwa mara ya tatu tangu asubuhi, Donald alishuka garini na suti yake ya harusi, akafungua boneti na kuimwagia rejeta maji. Mvuke ukampiga usoni. Tai aliyoisifu jana ilikuwa sasa kitambaa cha kufutia jasho.

"Na mlima wenyewe haujaanza," aliiambia injini.

Ilikuwa saa saba. Saa kumi padre wa Bura angefunga safari ya Taveta, na akirudi itakuwa Kwaresima, hakuna ndoa. Donald alikuwa na pete, alikuwa na gari la kukodi. Alichokosa ni bibi arusi tu.

Aliyeyaleta yote haya ni nyanya wa Mkamburi, mchumba wake. Bikizee alikubali kanisa, akakubali pete, ila kwa sharti moja: mila ya Kidawida itangulie. Binti afichwe, bwana arusi amtafute peke yake, na binti asitamke neno mpaka afunuliwe.

"Wenzako walitafuta kwa miguu wiki nzima, mume wangu," nyanya alimtania. "Wewe una magurudumu manne. Ukishindwa, rudi mwakani."

Ndipo Donald, karani wa stesheni ya Voi, akaenda kwa Kituku, mkodishaji magari, kuchagua gari. Yalikuwapo mawili: motokaa nyeusi inayong'aa, na pikapu ya kubebea kabichi, nyuma imefunikwa turubai. Donald alichagua ile nyeusi. Kituku akampa ufunguo wa pikapu.

"Ile haina pumzi ya mlima, bwana. Na huku nyuma nimepakia vyombo vya karamu vya nyanya yenu, vimelazwa kwenye nyasi. Turubai usiguse mpaka kanisani. Kikivunjika kimoja, kesi ni yako na yeye."

Na nani alishawahi kushinda kesi na nyanya yule?

Alianzia Ndara, kwa Gilbert, mjomba wa Mkamburi. Mjomba alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akacheka peke yake. Binti hayupo. Mkewe akaleta kibuyu cha uji wa safari, akakisukuma mwenyewe chini ya turubai.

"Si mnipe hapa mbele?"

"Utamwagikiwa suti, mkwe."

Sasa alikuwa njiani kwenda Mwatate, kwa shangazi Tryphena. Rejeta ilipotulia akaendelea, vumbi jekundu likimfuata hadi ndani kupitia kidirisha cha nyuma kisicho na kioo.

Mwatate pia binti hayupo. Palikuwapo mahindi ya kuchoma na ndizi, navyo vikaishia huko huko nyuma. Kisha Tryphena akashusha sauti.

"Sitaki kukuudhi, mkwe. Lakini ameonekana Voi asubuhi, ndani ya gari. Aliyeshika usukani ni mwanamume."

"Mwanamume gani?"

"Mtanashati, wanasema."

Akageuka haraka, akaingia nyumbani, mabega yakimtikisika. Donald aliona huruma: shangazi wa watu analia.

Mlimani, gari likinguruma kwa gia ya kwanza, aliwahesabu wote wenye magari toka Voi hadi Bura. Mwalimu Gibson? Ana pikipiki tu. Yule mnunuzi wa mboga? Mzee, hana meno. Kila jina lilimpandisha hasira, mpaka ikamtoka mdomoni.

"Ni mama yake! Ndiye aliyepanga! Mdomo kama kengele ya stesheni! Tangu siku ya kwanza ananitazama viatu kama nimeviiba! Na chai yake ile, maji ya kuoshea sufuria yana ladha zaidi!"

Mbele palikuwa na shimo. Hakulikwepa.

"Na vivunjike hivyo vyombo!"

Gari liliruka, likatua kwa kishindo. Vyombo havikulia hata kidogo. Hata shimo limenidharau, aliwaza.

Kona mbili zaidi, hasira ikamwishia.

"Mkamburi," alisema polepole, kwa kioo cha mbele. "Kama umempata mwenye gari lake, sawa. Hili langu la kukodi. Lakini ningekutafuta hata kwa miguu."

Alifika kanisani saa kumi kasorobo. Padre alikuwa mlangoni, kitabu mkononi, begi la safari miguuni. Nyanya alikuwa amekaa kwenye jiwe, mkongojo kwenye mapaja.

"Umempata, mume wangu?"

"Amekwenda na mwanamume mwenye gari."

"Hata mimi nimesikia." Nyanya alijikongoja akasimama. "Haya, basi nishushie vyombo vyangu."

Hata pole hakumpa! Donald alizivuta kamba kwa meno na kucha, akalishika turubai, akalitupa kando.

Kwenye nyasi palikuwa na kibuyu kitupu, maganda ya ndizi, magunzi mawili, na gauni jeupe lililogeuka jekundu kwa vumbi.

"Ya kwa miguu nimeyasikia," Mkamburi alisema, akimnyooshea mkono amshushe. "Sasa yale ya mama, utayarudia mwenyewe au nimwambie mimi?"