Malkia na Mwenza Wake

"Kutoka Buganguzi mpaka Bukoba mjini hakuna mwanamke wa kunifunga mimi poka," alisema Dativa, akizoa punje kutoka mkekani. Alipomaliza kuzipanga akajirudi. "Maana hakuna mwanamke mwingine anayeijua."

Mume wake, mzee Kahangwa, hakucheka. Mbele yake zilibaki punje sita za kahawa ya kutafuna. Ya saba alikuwa ameitafuna kwa mawazo. Zikiisha hizo sita, kesho asubuhi binti yao Joyness angekuja na gari kuwachukua wakaishi kwake Hamugembe, na kibanja kingebaki na migomba yake na kaburi lake.

Kaburi lilikuwa la Clavery, kifungua mimba wao. Tangu wamzike mwezi wa tatu, baba yake alikuwa ameanguka mara mbili akienda kulipalilia. Yeye alisema ni utelezi. Joyness alisema ni uzee, akawa anapiga simu kila Jumapili kulisema hilo, mpaka Dativa akaanza kukubaliana naye. Kahangwa akakataa. Wakabishana siku nne, na watu wa miaka sabini wakibishana siku nne hata kuku hukosa pumba.

"Karata iamue, Mama Clavery," Kahangwa alisema mwishowe. "Punje ishirini kila mtu. Zako zikiisha, tunabaki na mtoto wetu. Zangu zikiisha, napanda hilo gari na sinung'uniki."

"Wewe? Usinung'unike? Leta mkeka."

Poka alijifunza melini, enzi za upishi wake wa safari za Mwanza, akamfundisha mke wake ili apate mtu wa kumfunga. Akamfunga miaka arobaini. Mchezo wenyewe si mgumu: karata mbili za siri kwa kila mtu, tano za wote mkekani, mwenye jozi kubwa anakula. Mkilingana jozi, karata ya pembeni, yaani mwenza, ndiyo inayosema. Na dau lao halipandi: punje moja, moja tena, kisha mbili, kisha mbili. Uzuri wa dau la namna hiyo ni kwamba haliwezi kukuua mara moja. Ubaya wake ni huo huo.

Dativa akachanganya, akagawa. Akachungulia zake: malkia wa kopa na tatu ya pau. Malkia na mbeba ndoo wake, mkono ambao miaka yote mume wake alimtania kwamba hawezi kuutupa. Akaweka punje ya kwanza.

"Nafuata," alisema Kahangwa.

Zamani alikuwa anaongeza dau, anatupa karata, anatania. Tangu msiba alikuwa anafuata tu, na Dativa ndiye aliyekuwa anashinda. Ushindi wenyewe haukuwa na utamu wowote.

Akafunua tatu za kwanza, akizitaja kwa sauti. "Malkia wa shupaza. Saba ya kopa. Nne ya uru."

Kutaja kulikuwa sheria mpya. Kahangwa aliileta baada ya mazishi, akisema melini ndivyo walivyocheza, ingawa kwa miaka arobaini hakuwahi kuikumbuka. Dativa hakumbishia. Clavery alikuwa na kelele kama redio, na bila yeye nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Mzee anataka sauti, apewe sauti.

Sasa alikuwa na jozi ya malkia, na mkekani hapakuwa na karata ya kuizidi. Akasukuma punje.

"Nafuata."

"Tisa ya pau." Akasukuma mbili.

"Nafuata."

"Baba Clavery, una nini humo wewe?"

"Nina mke mdadisi."

Dativa akaitazama tena ile tatu yake. Kama mzee naye alikuwa na malkia, na pembeni ana karata kubwa, basi mbeba ndoo hana la kusema. Mkono wa namna hiyo ni mzuri mno kuutupa na mbaya mno kuutegemea. Mtu anafuata nao tu mpaka mwisho, kama anavyofuata jeneza.

Akafunua ya mwisho. Hapo hapo moshi wa jikoni ukamkaba, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Kahangwa alikuwa bado ameshika punje zake mbili, anangoja. Karata ililala mbele ya goti lake, kwenye mwanga wa saa nane mchana uliojaa mlangoni.

"Taja basi, mama."

Dativa akafuta macho. "Mbili ya uru."

"Nafuata," alisema Kahangwa, akasukuma zake mbili za mwisho.

Dativa alikuwa hajaweka kitu.

Akamwangalia mume wake. Akafikiri juu ya tatu yake, juu ya gari la Joyness, juu ya njia ya kwenda kaburini na utelezi wake. Kisha akafikiri jambo jingine, na hilo hakulipenda. Akaweka punje zake mbili kimya kimya.

"Haya, fungua wewe kwanza," alisema Kahangwa.

Dativa akazilaza karata zake mbili mkekani, polepole, mbele yake kabisa.

"Soma mwenyewe, waitu. Mimi koo limekauka."

Kahangwa akainama. Akakunja uso kama mtu anayesoma tangazo la kijiji, akakaa hivyo muda mrefu.

"Malkia," alisema. "Na mwenza wake mdogo, kama kawaida yako. Nimeziona."

Alikuwa amepatia zote mbili. Ila Dativa alikuwa amezilaza kifudifudi.